Kusomea juri pamoja, na kuelezana kwa lugha ya mgonjwa

Kila mwaka, mtihani wa mwisho wa shule za afya unapokaribia, ule ambao sisi sote tunauita juri, wanafunzi wa uuguzi wa Lubumbashi huanza kukutana makundi kwa makundi. Utawakuta mtaa wa Katuba kwenye baraza la nyumba ya mmoja wao, utawakuta Kenya, mtaa mwingine wa hapa mjini, katika ukumbi wa parokia, na wengine hubaki darasani baada ya masomo hadi mlinzi aje kufunga milango. Ninawaunga mkono kwa moyo wote. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, na leo, kama muuguzi anayepokea wodini wanafunzi wa staji, yaani mafunzo ya vitendo, ninatambua mapema ni nani alisoma na wenzake na ni nani alijifungia peke yake na daftari. Hata hivyo nimekaa na makundi mengi ya aina hiyo, na jambo ninalotaka kulisema ni hili: mengi yanakutana vizuri lakini yanasoma vibaya, kwa sababu katika mkutano wote anayezungumza ni mtu mmoja tu, na anazungumza Kifaransa cha silabusi.

Hali yenyewe inajulikana. Mwenye sauti nzuri anasoma kurasa za fotokopi, wengine wanafuata kwa kidole, na mara kwa mara mmoja anasema kwamba hapo ameelewa. Au wanachukua maswali ya miaka iliyopita, wanapeana majibu, kila mtu anayanakili, wanaagana saa moja usiku wakiwa wameridhika. Kuridhika huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu: baadhi walisoma matini na kuirudia kwa kusoma tena, wengine waliisoma kisha wakatakiwa kuiandika kutoka kichwani bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojitahini walikumbuka zaidi, na kwa tofauti kubwa. Anayerudia kusoma huona maneno yameshakuwa ya kawaida machoni pake na kudhani ameyajua. Juri haifanyiki dakika tano baada ya kufunga daftari, na mgonjwa hasubiri muuguzi afungue fotokopi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kikundi ni kuulizana huku madaftari yamefungwa. Hilo peke yake lingebadilisha mengi, lakini kwetu Kongo ninaona kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo inatokana na namna huduma zetu za afya zilivyopangwa. Nchi imegawanywa katika kanda za afya, kila kanda ina maeneo yake, na katika eneo la afya anayeongoza kituo kwa kawaida ni muuguzi, yule tunayemwita titulaire. Ndiye anayempokea mtoto mwenye homa, ndiye anayeamua kama mama atajifungulia pale au atapelekwa hospitali kuu, ndiye anayeandika dawa kwa kufuata miongozo. Watu wa mtaa humwita munganga, yaani daktari, nao hawakosei sana, kwa sababu mara nyingi hakuna mwingine. Mwanafunzi anayefaulu juri leo anaweza kujikuta baada ya muda mfupi peke yake na uamuzi wa namna hiyo, usiku, hospitali iko mbali. Tangu sheria ya Julai 2016 iliyounda Ordre des Infirmiers, muuguzi wa nchi yetu ana chombo cha taaluma kinachomwandikisha na kumwajibisha. Cheti ndicho kinachofungua mlango huo, na maandalizi ya cheti hayana budi kufanana na kazi iliyo nyuma ya mlango.

Sasa nije kwenye lugha. Tunafundishwa kwa Kifaransa, tunatahiniwa kwa Kifaransa, na mgonjwa wa Kamalondo au wa Ruashi anatueleza maumivu yake kwa Kiswahili. Mwanafunzi anaweza kutamka ufafanuzi wa éclampsie, yaani kifafa cha mimba, neno kwa neno bila kukosea hata herufi. Mwambie amweleze mama mwenye mimba ya miezi minane, aliyeketi mbele yake, kwa nini hapaswi kurudi nyumbani leo, utaona anakwama. Kukwama kwake hakutokani na uhaba wa Kiswahili, maana ndiyo lugha anayoizungumza tangu utotoni. Anakwama kwa sababu ile sentensi ya Kifaransa ilikuwa imeshikwa nzima, na ndani yake hakuna alichokichambua. Alikuwa hajajiuliza kwa nini kichwa kinauma hivyo, kwa nini macho yanaona ukungu, kwa nini kuna maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, na kwamba yote hayo pamoja na presha iliyopanda yanatangaza degedege inayoweza kumwua yeye na mtoto.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba katika kikundi kila somo lielezwe kwanza kwa Kiswahili, kwa mdomo, na mtu ambaye wenzake wana haki ya kumkatiza. Chukueni hiyohiyo éclampsie. Mmoja aseme kwamba mgonjwa atapewa magnesiamu salfeti ili kuzuia degedege. Mwenzake aulize: utajuaje kwamba dawa imezidi? Ajibu kwamba ataangalia mkojo, atagonga goti kuona kama mguu bado unaruka, na atahesabu pumzi. Mwingine aulize: kwa nini goti? Kwa sababu dawa ikizidi, goti huacha kujibu kabla ya pumzi kusimama, kwa hiyo goti linamwonya muuguzi angali ana muda. Kwa nini mkojo? Kwa sababu dawa hiyo hutolewa na figo, na figo zikilala, dozi iliyokuwa salama asubuhi inakuwa sumu jioni. Na ukikuta goti limenyamaza na pumzi zimepungua, ni kitu gani kinapaswa kuwa tayari pembeni ya kitanda? Kalisiamu glukoneti, inayopinga magnesiamu iliyozidi. Mnyororo huo wa kwa nini na kwa nini, ukishapita katika kinywa cha mtu kwa lugha anayoifikiria, hautoki tena.

Najua pingamizi, nimeisikia kutoka kwa walimu ninaowaheshimu: mtihani ni wa Kifaransa, muda ni mchache, na mwanafunzi aliyezoea kueleza kwa Kiswahili atakosa maneno mbele ya karatasi. Pingamizi hilo lina uzito, na sitaki kulipuuza. Wapo wanafunzi wanaojua kazi vizuri lakini wanapoteza alama kwa sababu wameandika Kifaransa kisichoeleweka, nao mara nyingi ni wale waliotoka shule za msingi zilizokuwa na walimu wachache na vitabu vichache zaidi. Kwa hiyo ninapendekeza utaratibu wa hatua mbili. Baada ya mtu kueleza kwa Kiswahili hadi wenzake waridhike, kila mmoja achukue karatasi na aandike maelezo yaleyale kwa Kifaransa, kwa sentensi chache, kwa istilahi kamili, kisha wabadilishane karatasi na kusahihishana. Aliyeelewa kwanza huandika vizuri zaidi hata kama Kifaransa chake ni cha kawaida, kwa sababu anajua anataka kusema nini. Aliyeanza na Kifaransa cha kukariri akisahau neno moja katikati hupoteza sentensi nzima.

Nafasi ambayo kikundi kinashinda kabisa usomaji wa peke yako ni hesabu za dozi. Nawapa mfano ambao nimeutumia mara nyingi. Mtoto wa kilo 12 ana malaria kali na anahitaji artesuneti ya sindano. Kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, mwongozo unataka miligramu 3 kwa kila kilo, na kuanzia kilo 20 ni miligramu 2.4. Kwa hiyo mtoto wetu anahitaji miligramu 36, na hapo wote wanakubaliana. Niulizapo ni mililita ngapi zitakazovutwa kwenye bomba la sindano, mmoja anasema 3.6, mwingine anasema 1.8, na ubishi unaanza, kila mmoja akimwonesha mwenzake hesabu yake. Huwa nawaacha wabishane. Baada ya muda mmoja wao anatambua kwamba wote wawili wamehesabu sawasawa: wa kwanza alifikiria mshipa, ambako kichupa cha miligramu 60 huchanganywa na mililita 1 ya bikaboneti na mililita 5 za maji ya chumvi hadi kila mililita iwe na miligramu 10, na wa pili alifikiria msuli, ambako baada ya mililita ileile ya bikaboneti huongezwa mililita 2 tu za maji ya chumvi na kila mililita inakuwa na miligramu 20. Kichupa ni kilekile, mtoto ni yuleyule, na anayechanganya kwa njia moja kisha akavuta kwa hesabu ya njia nyingine anatoa nusu ya dozi au anaizidisha kupita kiasi. Kisha ndipo mnafungua chati na kuona jinsi inavyokadiria mililita kuelekea namba nzima iliyo juu. Mwanafunzi aliyekaa peke yake angepata 3.6, angeona inalingana na jibu la fotokopi, angegeuza ukurasa, na asingejua kamwe kwamba kulikuwa na swali la pili.

Hesabu ya dripu ni fupi zaidi, lakini nayo iwe ya kila mkutano mpaka ifanyike bila karatasi: mililita 500 kwa saa nne, bomba linalotoa matone 20 kwa mililita, ni takriban matone 42 kwa dakika. Badilisheni saa, badilisheni ujazo, badilisheni bomba liwe la watoto lenye matone 60.

Sehemu ya vitendo ndiyo inayosahauliwa zaidi, ingawa ndiyo inayowatetemesha wanafunzi wengi siku yenyewe. Watu wanne wakikaa pamoja wana mikono minane ya kupimia presha. Mmoja awe mgonjwa, mmoja awe muuguzi, mmoja ashike orodha ya hatua na kutia alama kama mtahini, wa nne awe mama wa mgonjwa mwenye hofu na maswali mengi, kisha mzunguke. Anayeshika orodha hujifunza kuliko wote, kwa sababu analazimika kuona kilichorukwa: mikono haikunawiwa, mkono wa mgonjwa umening'inia badala ya kuwa usawa wa moyo, jina la mgonjwa halikuulizwa, hakuelezwa anachofanyiwa. Pumzi za mtoto zihesabiwe dakika nzima, akiwa ametulia, kwa kutazama kifua. Wanafunzi wengi huhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, na kwa mtoto mdogo kosa la pumzi mbili tu linakuwa kosa la nane. Katika mwongozo wa magonjwa ya watoto, ambao kwetu unajulikana kwa ufupisho wa PCIME, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anahesabiwa kuwa anapumua haraka kuanzia pumzi 50 kwa dakika, na wa mwaka mmoja hadi mitano kuanzia 40. Pumzi nane hapo zinatosha kumpa mtoto ugonjwa asio nao, au kumnyang'anya dawa anayoihitaji.

Wakati mwingine naambiwa kwamba mtihani ni mtihani, na lengo ni kupita. Waangalie wanaotaka kufanya kazi Marekani. Mtihani wa leseni ya uuguzi wa huko, NCLEX, unafanywa kwa kompyuta tangu 1994, na kompyuta huchagua swali linalofuata kulingana na ulivyojibu yaliyotangulia, kiasi kwamba watahiniwa wawili waliokaa chumba kimoja hawaoni maswali yaleyale. Mtu hujibu maswali 85 kwa uchache na 150 kwa wingi, ndani ya saa tano. Tangu Aprili 2023 umeongezwa visa vya wagonjwa vinavyoendelea hatua kwa hatua, ambapo mtahiniwa hutakiwa kutambua dalili zenye maana, kuzipanga kwa uzito, kuamua la kufanya kwanza na kupima kama limesaidia. Mtihani wa namna hiyo hauna jibu la kukariri. Sisemi tuuige, kwa maana mazingira yetu ni mengine na gharama zake si zetu. Nasema tu kwamba hata huko walikokuwa na vitabu vya kila aina vya maswali na majibu, waliona kwamba kujua majibu hakutoshi kuonesha kwamba mtu anaweza kuachiwa mgonjwa.

Mahitaji 14 ya msingi ya mgonjwa, yaliyoorodheshwa na muuguzi wa Marekani Virginia Henderson, ni mfano mzuri wa jambo hili. Karibu kila mwanafunzi wetu anaweza kuyataja kwa mpangilio, kuanzia kupumua hadi kujifunza. Lakini mpe mzee wa hapa mjini aliyevunjika nyonga, analala chali wiki ya pili, hataki kula na hataki kuzungumza, kisha uliza ni mahitaji yapi yamevurugika na ni lipi la kushughulikia leo kabla ya kesho. Hapo ndipo kikundi kina kazi. Mmoja ataona kidonda cha kulalia kinachokuja, mwingine ataona upweke, wa tatu atakumbusha choo, na kupanga yale matatu kwa uzito ndiyo kazi yenyewe ya uuguzi.

Kuna kikwazo kimoja ambacho sijaona kikizungumzwa, nacho ni heshima. Katika makundi yetu huwamo kijana wa miaka ishirini na humo humo huwamo mama aliyefanya kazi miaka mingi kama msaidizi wa uuguzi kabla ya kurudi shule. Kijana anamwita Mama, anampisha kiti, na ni vizuri afanye hivyo. Lakini Mama akisema jambo ambalo mwongozo umelibadilisha tangu alipojifunza yeye, kijana ananyamaza. Vivyo hivyo yaya, yaani kaka au dada mkubwa, aliyefeli mwaka jana na kurudia hasahihishwi, eti kwa sababu ameshauona mtihani. Nimeona dozi ya zamani ikiingia katika madaftari ya kikundi kizima kwa njia hiyo. Dawa ninayoijua ni kuwapa watu nafasi badala ya kuwategemea wawe na ujasiri. Kila mkutano uwe na muulizaji aliyeteuliwa, zamu yake ikifika hata aliye mdogo kuliko wote ana wajibu wa kuuliza "Mama, mwongozo unasema hivyo wapi?", na kila mtu anajua kwamba swali limetoka kwenye kiti. Mama naye hupata faida yake, maana ana hazina ambayo fotokopi haina: anajua jinsi mama mzazi anavyokuwa baridi na kutulia kupita kiasi kabla damu haijaonekana shukani, na anajua jinsi ya kumtuliza baba anayepiga kelele mlangoni. Mwulizeni hayo pia.

Ukubwa wa kikundi uwe watu wanne au watano. Wakizidi hapo, wawili watakuwa wasikilizaji. Ni vema waliofanya staji sehemu mbalimbali wachanganyike, aliyekuwa wodi ya uzazi katika hospitali ya Sendwe akutane na aliyekuwa kituo cha afya Kampemba, kwa sababu hawakuona wagonjwa walewale. Kuhusu makundi ya WhatsApp nina neno moja: yanafaa kupanga saa na mahali, lakini faili za kurasa mia zinazorushwa humo usiku husomwa na wachache mno. Na kuhusu maneno ya maswali yanayouzwa, yanayovuma kila msimu wa juri, kikundi kiamue siku ya kwanza kwamba hakitanunua wala kufungua. Fedha za mzazi aliyeuza mahindi ili kulipa ada za mtihani hazikutafutwa kwa ajili hiyo, na mgonjwa wa kesho hakuulizwa kama anakubali kutunzwa na aliyenunua jibu.

Yako mambo ambayo wanafunzi hawawezi kuyatatua wenyewe. Umeme hukatika jioni kwa jioni katika mitaa mingi, na binti hawezi kurudi kutoka Kenya hadi Ruashi saa mbili usiku bila wazazi kuwa na hofu ya haki. Wazazi wanaweza kupokea kikundi nyumbani kwao Jumamosi asubuhi, kwa kupokezana, na binti wa nyumba hiyo asiitwe jikoni kusonga bukari wakati wenzake wanaendelea kuulizana. Lakini ombi langu kubwa ni kwa wakuu wa shule. Vyumba vya mazoezi vyenye sanamu za kuzalishia, mashine za presha na vitanda vya kuonyeshea hufungwa Ijumaa mchana, na kufunguliwa Jumatatu. Katika miezi mitatu ya mwisho kabla ya juri, vifunguliwe Jumamosi nzima, mwalimu mmoja awe hapo kwa zamu na alipwe kwa siku hiyo, vikundi vijiandikishe kwa saa, na daftari la vifaa litiwe saini wakati wa kuingia na wa kutoka. Shule inayohofia vifaa kuharibika ikumbuke kwamba vilinunuliwa ili vichakae mikononi mwa wanafunzi.